Mzinga wa Sisimizi

Jumanne, 3 Machi

Nimepata! Miaka sita nakaza miguu ya viti vya watu hapa mtaani Lindi, Nairobi, na leo hatimaye nimepata wazo linalolingana na kichwa changu.

Ilikuwa hivi. Nilitoka kupeleka stuli mbili mjini, nikaingia bustani ya jiji kupumzisha miguu. Jamaa mmoja mwenye kifua kama mlango akaja kupigwa picha na mpenzi wake. Akaegemea mti. Mkono kiunoni, tabasamu. Hata picha haijapigwa, akaruka! Akavua koti. Akavua shati. Alipofika kwenye mshipi, mpenzi alikuwa ameshafika geti. Nikatazama juu. Kwenye panda la mti palikuwa na bonge jeusi kama kichwa cha ng'ombe, limejengwa kwa maganda yaliyotafunwa, na juu yake sisimizi weusi, mikia imesimama, wengi kuliko watu wa mtaa wa Gatwekera bombani siku maji yakirudi.

Nikajiuliza, ni mbwa gani anaweza kumvua mwizi shati? Hakuna! Soja wa usiku naye hulala. Lakini sisimizi? Hanywi chai, haombi siku ya ofu, hajui kuhongwa.

Hapo hapo nikamkumbuka Mzee Kavoi wa Kawangware. Mzee anafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba, na tangu Januari wezi wamembebea watatu. Mzee Kavoi ndiye mjomba aliyemlea Nzilani. Nzilani ndiye ninayetaka kumwoa. Na Mutuku, mtu wa bodaboda mwenye viatu vinavyong'aa hata wakati wa matope, naye anataka kumwoa. Mzee amechoka kutuona tukipishana getini kwake. Amesema Jumapili tarehe 15, baada ya kanisa, twende sote wawili. Kabla ya kutaja mbuzi watatu wa ntheo, wale wa kufunga uchumba, kila mmoja alete kitu kimoja kwa mkono wake. "Nijue ni nani ananijua," alisema.

Basi namjua! Anahitaji ulinzi!

Kampuni itaitwa Sisimizi Sekyuriti. Nimeandika kwa chaki mlangoni. Filister, jirani yangu anayeuza dagaa wa omena, amesoma, akaniuliza kama leo nimekula.

Jumatano, 4 Machi

Nimetembea hadi Kawangware, kwenye saluni anakofanya kazi Nzilani. Sikumwambia siri. Nilitaka tu vipimo vya banda la kuku.

Nzilani alikuwa anasuka mtu. Akaanza kunieleza habari za mjomba wake. Kwamba tangu avunjike mguu hajaenda nyumbani Mwingi. Kwamba aliacha huko mizinga kumi na miwili, na kila jioni anasimulia nyuki hadi ugali unapoa. Kwamba siku hizi akipita duka la jirani anasimama karibu na friji, kwa sababu inavuma kama mzinga. Akasema hayo mara mbili, akinitazama machoni. Kisha akauliza, na baba yako si mtu wa mizinga?

Nikamjibu kwamba ndiyo, na ndiyo maana nilikimbilia Nairobi. Nyuki ni kazi ya wazee. Halafu nikamuuliza mlango wa banda una upana gani.

Akavuta nywele za yule mteja hadi mteja akapiga kelele. Ana hasira kidogo Nzilani. Lakini ni mzuri! Akikasirika anakuwa mzuri zaidi.

Ijumaa, 6 Machi

Naandika nikiwa nimesimama. Jana nilipanda mti kulichukua lile bonge kwa gunia. Sitaandika mengi. Ojwang, mtunza bustani, ndiye aliyenimwagia maji ya kumwagilia maua. Akauliza nilikuwa natafuta nini juu. Nikamwambia natafuta pahali pa kutundika nyumba ya ndege. Macho yake yakajaa furaha. Kumbe anapenda ndege!

Lakini kuumwa kumenifungua akili. Sisimizi habebwi kwa nguvu. Hata mpangaji humhamishi kwa kumkaba shingo. Unampa nyumba nzuri zaidi, naye anahama mwenyewe na godoro kichwani. Na mtoto wa Mwingi anajua nyumba gani wadudu huhamia. Mzinga! Baba ametundika mizinga maisha yake yote. Mzinga mtupu unatundikwa leo, wiki ijayo una wenyewe. Wadudu ni wadudu.

Leo nimepasua gogo la mgrevilea, urefu wa mkono wangu, nikalichimba ndani kwa patasi na tezo hadi likawa kama ngoma. Mifuniko pande mbili, tundu dogo la kuingilia. Ndani nikapaka nta, lile donge alilonipa Baba nilipokuja Nairobi, ambalo miaka yote nimekuwa nikilipaka skrubu. Harufu ikanijia ya nyumbani kabisa. Nikakaa kidogo na ule mzinga magotini. Halafu nikakumbuka nina kampuni ya kuendesha.

Filister alichungulia, akasema ni mzinga mzuri sana wa nyuki. Nikamwambia si wa nyuki. Akaniuliza, sasa mzinga ya sisimizi umewahi ona wapi? Nikamjibu kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akatazama upara wangu.

Jumamosi, 7 Machi

Umetundikwa! Uko kwenye mti wenyewe, futi tatu tu kutoka kwa bonge la sisimizi. Ukitoka nje ya nyumba yako ya zamani, unaona ile mpya. Mimi ningekuwa sisimizi ningehama leo.

Nimefanya kila kitu kama Baba. Waya mnene kwenye tawi. Na waya nimeupaka oili chafu ya gari, kutoka juu hadi chini. Kwa nini? Sijui. Baba hajawahi kutundika mzinga bila kupaka waya oili, na mimi si mtu wa kudharau kazi ya wazee. Ndani nimeweka sukari kijiko kimoja. Kwenye tawi, vichwa vya omena nilivyopewa na Filister.

Ojwang alinishikia ngazi, akauliza ndege wataingia lini. Nikasema baada ya wiki. Akauliza ni ndege gani. Nikasema wadogo, weusi. Amefagia chini ya mti ili wakija wakute pasafi.

Jumatatu, 9 Machi

Nimefika bustanini asubuhi. Vichwa vya omena vimeisha vyote! Sisimizi wamekula, wakarudi kwao.

Nimekaa saa tatu nzima nikiwatazama. Wanakuja kwenye tawi kwa mstari mzuri, wanafika kwenye waya, wanasimama. Wananusa. Wanageuka. Ojwang alitazama naye, akasema wanageuka kwa oili kama wezi wameona karao. Nikamweleza kwamba huo ni mkutano. Hata mimi kabla ya kupanga chumba kwenye plot mpya huenda mara tatu kuangalia choo.

Nimeongeza sukari ndani. Nimeongeza oili kwenye waya, maana jua lilikuwa limeikausha.

Nikitoka nikakutana na Mutuku getini akingoja mteja. Akanisalimia, niaje Mwanzia. Nikamwambia Jumapili asijisumbue kuja. Akacheka kidogo, akauliza nitampelekea mzee nini. Nikauliza yeye je? Akasema bado anaulizauliza watu. Anauliza watu! Siku sita zimebaki na mtu bado anauliza!

Jumatano, 11 Machi

WIZI! UVAMIZI!

Nimefika saa nne. Kwa mbali nikasikia mvumo. Nikadhani ni mashine ya kukatia nyasi. Nikatazama juu. Nyuki! Mzinga wangu umejaa nyuki! Wanaingia na kutoka pale tunduni kana kwamba wamelipa kodi. Wengine wananing'inia nje kama ndevu. Sukari yangu! Nta yangu! Nyumba ya askari wangu!

Ojwang alikuwa amevua kofia. Akasema ndege ni wadogo kuliko alivyofikiria, lakini ni wengi, na amefurahi.

Sisimizi wangu bado wako kwao, kwenye bonge, mikia juu, wakitazama ng'ambo ya waya. Nilitaka kulia. Siku nne kabla ya Jumapili! Mungu akikupa kilema, anakupa na mwendo wake. Lakini kwa nini anipe nyuki?

Alhamisi, 12 Machi

Nimempigia Baba simu. Nikamuuliza unawafukuzaje nyuki kwenye mzinga.

Akauliza kama nina homa.

Nikamweleza kwamba wameingia bila ruhusa. Akauliza baada ya siku ngapi. Nikasema nne. Baba akapaza sauti, nikamsikia akimwita Mama, akimwambia mzinga wa Mwanzia umeingiwa kwa siku nne, huko Nairobi, siku nne! Akarudi kwenye simu sauti imelainika. Akasema yeye mzinga wake wa kwanza aliungoja miezi mitano. Akasema mzinga ukiingiwa upesi hivyo, mwenyewe huenda moja kwa moja kuposa. Nikamwambia ndiyo ninachojaribu, lakini nyuki wamenizuia. Akaanza kunieleza kitu kuhusu oili na sisimizi, lakini nilikuwa nimeshaipata fikra nyingine, nikamwambia kwaheri na kukata.

Fikra yenyewe: mzinga uondoke kabisa. Nani ataubeba mzinga wa nyuki? Mjinga gani?

Ijumaa, 13 Machi

Mjinga amepatikana! Ni Mutuku!

Alikuja bustanini na ile pikipiki yake, akauliza kwa adabu kama ni kweli nina mzinga wenye nyuki, na kama ningeweza kumwachia. Alisikia kwa Ojwang. Nilijifanya kufikiri. Mara moja nikasema chukua! Akasema yeye hajui nyuki hata kidogo, kwao Machakos baba yake alikuwa dereva. Angejua vipi kuwabeba?

Mungu wangu, nilivyojivuna. Nikamwonyesha. Jua lilipoanza kuzama na nyuki wote wamerudi ndani, nikawasha matambara na mavi makavu ya ng'ombe kwenye kopo, nikapuliza moshi taratibu, taratibu, kama Baba, nikaziba tundu kwa majani. Nyuki watatu tu walinigusa. Ojwang akasema hajawahi kuona mtu akifanya kitu kwa utulivu hivyo, na hakuamini kuwa ni mimi. Tukajaribu kuufunga nyuma ya pikipiki kwa raba, ukayumba, Mutuku akaniomba nimshikie hadi kwake. Nimeubeba kwa magoti yangu hadi Kawangware! Ulikuwa unavuma tumboni mwangu njia nzima.

Nikashuka nikimcheka kimoyomoyo. Mtu anaenda kwa mzee aliyeibiwa kuku, anampelekea mdudu. Sikuomba hata shilingi. Nilikuwa tayari kumlipa mimi.

Jumamosi, 14 Machi

Nimerudi kwa nguvu. Ndoo ya rangi ya lita ishirini, yenye kifuniko. Suruali mbili, soksi zimefungwa juu ya suruali, mifuko ya plastiki mikononi, taulo la Filister usoni. Ojwang alishika ngazi akiwa amefumba macho. Nikakata tawi na bonge lake, likaanguka ndani ya ndoo, nikapiga kifuniko!

Waliobaki nje walinipata shingoni. Si neno. Maumivu ya leo ni harusi ya kesho.

Ojwang amehuzunika, ndege wake wameondoka na mti umepungua tawi. Nimemuahidi nyumba nyingine. Nimepiga shati pasi. Ndoo iko chini ya kitanda na inanong'ona.

Jumapili, 15 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nimetembea kutoka Lindi hadi Kawangware na ndoo kichwani. Watu wa kanisa wakanipisha njia. Mzee Kavoi alikuwa ameketi uani, mguu mbovu juu ya stuli. Nzilani amevaa gauni la samawati. Aliponiona na ndoo alitazama nyuma yangu, kana kwamba kuna kitu kingine kinakuja.

Mutuku alitangulia. Akauleta mzinga umefunikwa kitambaa cheupe, akauweka chini polepole. Akasema kesho kuna lori la jamaa yake linaloenda Mwingi, litaufikisha kwa mizinga ile mingine. Mzee akainama na mguu wake mbovu, akaweka sikio kwenye gogo. Akakaa hivyo. Machozi yakamtoka mzee mzima!

Nilimwonea Mutuku huruma. Siku ya kwanza tu, na ameshamliza mjomba wa watu.

Mutuku, lazima niseme, si mwongo. Akamwambia mzee kwamba mzinga nimechonga mimi, nimetundika mimi, na aliyewabeba nyuki bila kuwatia hasira ni mimi. Mzee akanigeukia uso umelowa, akauliza, "Mwanzia, hii ni kazi yako?" Nikajitetea haraka. Nikasema mzinga ndiyo, lakini nyuki si wangu, mimi niliwakataa. Nzilani akaweka trei ya soda chini.

Nikaona uwanja ni wangu. Nikasimama. Nikaeleza wizi wa kuku, uvivu wa soja, ubovu wa mbwa. Nikaeleza yule jamaa na shati lake. Nikaenda mlangoni mwa banda, nikasema mzee, kuanzia leo lala usingizi, nikafungua ndoo!

Sikujua kwamba kuku hula sisimizi.

Walikuja mbio kumi na wanane, na jogoo. Sisimizi Sekyuriti nzima, mkurugenzi hadi mtoto wa mwisho, imemezwa kwa muda wa kunywa soda moja. Wachache waliookoka walikimbilia pahali pa karibu. Pahali pa karibu palikuwa suruali yangu. Nikavua koti. Nikavua shati. Nilipofika kwenye mshipi Mzee Kavoi akasema basi, mwanangu, nimeona, kweli wanafanya kazi. Alicheka hadi akakohoa. Kisha akamwambia Mutuku alete mbuzi Aprili.

Nzilani amenisindikiza getini, ameshika shati langu. Nimeandika maneno yake yasije yakapotea. "Mwanzia, hiyo maneno ya kuleta kitu, ni mimi nilimwambia anko aseme. Ilikuwa yako wewe, ushinde. Mutuku hawezi tofautisha nyuki na nzi, na wewe umezaliwa kwa mizinga. Nikakuambia mara mbili. Mutuku alikuja akaniuliza, anko anapenda nini? Wewe uliniuliza mlango ya kuku." Nikamuuliza kama amemkubali. Akasema ndiyo, amemkubali leo, na kabla ya leo hakuwa amemkubali. Akanipa shati, akaingia ndani.

Nilirudi Lindi kwa miguu na ndoo tupu. Imeniuma sana. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Jumatatu, 16 Machi

Asubuhi Filister ameleta mandazi, akakaa nami.

Mzee Kavoi ametuma ujumbe. Anataka mizinga miwili kama ule, ya kupeleka Mwingi, na anasema mkono wangu ni mkono wa babu zake. Filister akapiga makofi, akasema hiyo ndiyo kazi, kwa hiyo anza leo. Nimemwambia itangoja.

Kwa sababu nimekaa, nimefikiri, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Kuku! Wazo halikuwa na kasoro hata moja, ni mteja tu aliyekuwa na kuku. Na Irungu, jirani yetu wa viatu vya mitumba, hana hata kifaranga! Ameibiwa raba jozi nne. Nikifanikiwa kwa Irungu, Lindi nzima itasikia, Kawangware itasikia, Nzilani atasikia. Mbuzi ni Aprili. Leo bado ni Machi!

Nimepitia bustanini mchana. Kwenye mti wa pili kuna bonge kubwa zaidi. Ojwang amekubali kushika ngazi, ila anang'ang'ania kwamba sisimizi waliogopa ile oili, na Baba naye amepiga simu mara tatu akitaka kuniambia kitu hicho hicho cha oili. Sikushika. Ojwang ni mtu wa maua, na Baba ni mtu wa nyuki. Mimi ndiye mtu wa sisimizi.

Gogo jipya nimeshalipasua. Na safari hii hakuna uzembe. Nimenunua oili lita mbili. Waya nitaupaka mara mbili.